Yai limesimama katikati ya ndoo: halizami, halielei. Chumvi imetosha au haijatosha?

mama_mwaloni (Kibirizi, Kigoma)

Habari za mchana wakuu. Naomba msaada, na naomba msinicheke mpaka nimalize.

Nafanya biashara ya migebuka wakavu hapa Kibirizi. Nilianza kidogo kidogo mwaka 2024, baada ya Ziwa Tanganyika kufungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Wenye samaki wakavu waliouweka mzigo wao vizuri walikuwa wanataja bei wanayotaka wenyewe, sisi tuliozoea wabichi tumekaa mwaloni tunatazamana. Ziwa lilipofunguliwa nikasema na mimi nijifunze. Mama mmoja jirani, aliyewahi kuifanya kazi hii, akanipa kipimo chake: maji lita 10 kwenye ndoo, chumvi makopo 3 ya nusu lita. Samaki unampasua, unamsafisha, unamlaza humo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, unamtoa anachuruzika, unamwanika kwenye chanja.

Mambo yalikwenda. Shida imeanza nilipoacha chumvi laini ya pakiti nikanunua gunia la chumvi ya mawe, maana hesabu ya pakiti ilikuwa inanila faida. Wiki iliyopita nimetuma tenga moja kwa mteja wangu Tabora. Akanipigia, sauti imebadilika kabisa: "Mama, hawa samaki umewatia chumvi wewe, au mmetia watu wawili mliogombana?" Anasema nusu ya tenga ni chumvi tupu, hawaliki hata uwaloweke usiku kucha. Wengine, tenga hilohilo, siku hiyohiyo, wananuka, na mmoja amekutwa na funza. Nimemrudishia hela ya nusu tenga na aibu bado ninayo.

Sasa yule jirani aliwahi kuniambia kuna kipimo cha yai: ukitia yai likaelea, maji yamekolea. Leo asubuhi nikaona nijaribu. Nimetia makopo 3 chini ya ndoo, nikamimina maji juu yake taratibu, nikaliachia yai. Likazama, likafika katikati, likasimama. Nikalisukuma kwa kijiko mpaka chini, likapanda, likarudi palepale. Nikalinyanyua mpaka juu, likashuka, likarudi palepale, kama kuna kioo kimetandazwa humo ndani. Mwanangu wa darasa la tano ameshasema ni jini, na hataki tena kuchota kwenye ndoo hiyo.

Chini ya ndoo chumvi bado naiona, haijaisha. Kwa hiyo nikawaza labda maji yameshiba, hayawezi kuchukua zaidi. Lakini kama yameshiba, mbona yai halijapanda juu? Na kama hayajashiba, hiyo chumvi ya chini inangoja nini?

Samaki wa leo nimeona nisiwaguse kwanza. Nimewakausha kwa moshi wote, hasara ya kuni juu yangu.

---

mpita_njia

Yai lenyewe halijaamua, wewe unataka uamue. Ongeza kopo la nne yaishe mama.

---

mvinza_halisi (Uvinza)

Usimsikilize huyo. Na kabla watu hawajaja na ile hadithi ya "chumvi ya mawe haina nguvu", ngoja niseme jambo, maana mimi nimezaliwa Uvinza na chumvi ndiyo iliyonisomesha.

Chumvi ya kwetu haichimbwi kama jiwe. Ni maji ya chemchemi za chumvi, kule mto Ruchugi unakoingia mto Malagarasi, yanatolewa yanakaushwa. Kazi hii ni ya kale mno. Waliochimba ardhini pale wamekuta mabaki ya watu waliokuwa wakichemsha maji hayo kwenye vyungu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na wazee wetu waliibeba chumvi hiyo kichwani mpaka Burundi, na ng'ambo ya ziwa, na huko Unyanyembe, upande wa Tabora. Isingekuwa na nguvu wasingeibeba.

Ukubwa wa punje ni suala la mwendo tu. Maji ya chumvi yakikauka polepole juani, punje inapata muda wa kujijenga, inakuwa kubwa yenye pembe kama kijisanduku. Yakichemshwa kwa haraka, punje zinazaliwa nyingi kwa mpigo na zote zinabaki ndogo. Chumvi ni ileile. Ila kopo la punje kubwa lina nafasi nyingi za hewa katikati. Jaza kopo karanga, kisha jaza kopo unga wa karanga, uone lipi zito.

Jambo jingine, gunia usiliweke chini sakafuni. Chumvi ya mawe ambayo haikuoshwa sana ina chumvichumvi nyingine ndani yake zinazovuta unyevu. Masika gunia linalia machozi, na wewe unapima maji ukidhani unapima chumvi.

---

fundi_maabara_mstaafu (Tabora)

Mwangaluka, mama. Nipo Tabora, mtaa wa Cheyo, nimestaafu. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa maabara ya sekondari, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kutengeneza maji ya chumvi ya kila namna, hivyo swali lako limenifanya niache chai ikapoa.

Mwanao mwambie si jini. Hiyo ndoo haina maji ya chumvi. Ina maji ya chumvi chini na maji ya ziwa juu, yamelaliana, na yai lako limekaa mpakani.

Lita moja ya maji matupu ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya maji yaliyoshiba chumvi kabisa ina karibu kilo 1.2. Umetia chumvi chini, ukamimina maji taratibu. Chumvi ikaanza kuyeyuka palepale ilipo, yale maji ya chini yakawa mazito, na kizito hakina sababu ya kupanda. Yakatulia chini kama shuka, yakaifunika chumvi iliyobaki, na ile iliyobaki haikuweza tena kuyeyuka maana maji yanayoigusa yameshashiba. Maji ya juu yana njaa, lakini hayaifikii. Ndiyo maana unaona chumvi chini na yai haliji juu. Yote mawili ni kweli, ila kila moja linasema habari za tabaka lake. Yai ni jepesi kuliko maji ya chini na zito kuliko maji ya juu, litakwenda wapi?

Usidhani yatajichanganya yenyewe ukiyaacha. Yanajichanganya, lakini kwa mwendo wa konokono mgonjwa: ndoo ikitulia bila kuguswa, kwa siku nzima chumvi inapanda sentimita mbili tatu tu. Darasani nilikuwa naandaa glasi ya hivi Ijumaa, natia na wino kidogo kwenye maji ya chini, na Jumatatu wanafunzi wanakuta mstari bado upo.

Sasa rudi kwenye tenga lako. Samaki waliolala chini ya ndoo walikuwa ndani ya maji yaliyoshiba, karibu asilimia 26. Waliokaa juu waliogeshwa tu. Mteja wako hakukosea, wametiwa chumvi na watu wawili. Mmoja ni ndoo ya chini, mwingine ni ndoo ya juu.

Je, yalikuwa yameshiba? Hapana, na hili ulishike kwa sababu litakusaidia maisha yako yote ya biashara. Maji ya kawaida, mililita 100, yanabeba gramu 36 hivi za chumvi kabla hayajakataa. Lita 10 zako zinaweza kubeba kilo 3.6. Makopo yako 3 hayafiki hata nusu ya hapo kwa kukisia kwangu. Kwa hiyo ukiona chumvi chini ya ndoo ya kipimo hicho, ujue hujakoroga. Chukua mwiko mrefu, koroga ukifika chini kabisa, mpaka usisikie tena ule mchakacho wa punje kwenye plastiki. Halafu koroga tena.

Kuna watakaokwambia chemsha maji ili yabebe chumvi nyingi. Hiyo ni habari ya sukari. Sukari ukichemsha maji inaingia kwa wingi wa kutisha, ndiyo maana watu wa kashata wanafanya wanavyofanya. Chumvi ni mkaidi: kwenye maji ya baridi gramu 36, kwenye maji yanayochemka gramu 39, basi. Moto unakuharakishia kuyeyuka, hauongezi nafasi. Kuni zako ziache kwa ajili ya ugali.

Kuhusu yai, mimi silidharau, bibi zetu hawakuwa wajinga. Yai bichi la leo linaelea maji yakifika asilimia 11 au 12 hivi. Lakini yai hupoteza maji kidogo kidogo kupitia gamba lake, hewa inaingia, linakuwa jepesi. Yai la wiki tatu linaelea kwenye maji ambayo yai la leo lingezama. Umelinunua dukani, unajua limetagwa lini? Kwa hiyo wewe hupimi maji tu, unapima na uzee wa yai.

Nifanyie kazi moja. Tafuta mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri inayosoma gramu moja moja. Pima kopo la chumvi laini, kisha pima kopo la chumvi ya mawe, mara 3, uniletee namba. Usiniambie "ni kama sawa". Niletee namba.

---

betri_mwanga (Mwanga, Kigoma)

Mama mbona jambo dogo. Mimi ni fundi betri za magari hapa Mwanga. Nina kile kipimo cha kioo cha kufyonza maji ya betri, kina kijiti kinachoelea ndani na namba kuanzia 1.10 mpaka 1.30. Mzee amesema maji yaliyoshiba ni 1.2, hiyo namba iko kwenye kipimo changu. Njoo na maji yako nikupimie bure.

---

fundi_maabara_mstaafu

Kijana una akili, na wazo lako kitaalamu ni sahihi kabisa, kipimo ni hichohicho. Lakini kipimo chako kimekunywa asidi na madini ya risasi tangu kilipozaliwa, na hukioshi, usinidanganye. Maji yakishaingia humo yamwagwe mbali, yasirudi kwenye ndoo ya samaki wa watu. Mama, ukienda kwake peleka kikombe kimoja na kikombe hicho usirudi nacho.

Nitakupa kipimo kisichouzwa popote.

---

mama_mwaloni

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa sauti ili mtoto asikie. Sasa anasema ni tabaka, amenyooka kama mwalimu.

Nimekoroga ile ndoo. Dakika ya kwanza maji yalikuwa yanaonekana kama yana mafuta ndani, michirizi inazunguka, kama ule mvuke wa barabarani mchana wa jua kali. Baadaye yakatulia, chini hakuna punje hata moja. Nikalirudisha yai. Limeelea juu, limetoa kipara nje ukubwa wa shilingi.

Mizani nimeazima kwa dada anayeoka keki Gungu. Namba zako hizi: kopo la chumvi laini gramu 610. Kopo la chumvi ya mawe la kwanza 490, la pili 505, la tatu 520. La tatu nilikuwa nimeligonga mezani kidogo likashuka, nikaongeza. Nimeshangaa, kopo ni lilelile, mkono ni uleule.

Halafu kuna kitu kimenitatiza. Nilipiga alama ya kalamu kwenye ndoo pale lita 10 zilipofika. Nikatia makopo yote 3 ya mawe, nikakoroga. Kopo 3 za nusu lita ni lita moja na nusu, sivyo? Maji yamepanda nusu lita tu, nimepima kwa chupa. Lita nzima imekwenda wapi?

---

fundi_maabara_mstaafu

Marahaba. Namba zako ni nzuri kuliko za wanafunzi wangu wengi, na lile la kugonga meza umelisema bila kuulizwa, Mungu akubariki.

Tuzisome pamoja. Jirani yako alikupa kipimo kwa chumvi laini: makopo 3 ni gramu 1,830. Wewe kwa chumvi ya mawe umetia 490 na 505 na 520, jumla 1,515. Umepungukiwa gramu 315 bila kujua, yaani zaidi ya nusu kopo. Maji yake yalikuwa asilimia 15 na nusu, yako ni 13. Ninavyopata hiyo 13: chumvi 1,515 ugawe kwa uzito wa vyote pamoja, maji gramu 10,000 na chumvi yenyewe. Watu wengi wanagawa kwa maji peke yake halafu wanabishana na wenzao kuhusu asilimia, kumbe kila mmoja amegawa kwa kitu chake.

Asilimia 13 si mbaya kwa samaki unayemwanika siku hiyohiyo na jua likawepo. Chumvi inamtoa maji na kumchelewesha kuoza, jua na upepo vinamaliza. Likija wingu siku mbili, 13 itakuangusha. Kwa hiyo tangu leo kopo litumie kuchotea, kipimo kiwe mizani.

Lita yako haijapotea. Kopo la punje kubwa karibu nusu yake ni hewa, mvinza_halisi ameshasema. Kilo moja na nusu ya chumvi, ukiondoa hewa yote, inachukua nafasi ya lita 0.7 tu. Unabaki kuuliza mbona imepanda 0.5 badala ya 0.7. Hapo ndipo chumvi inaponipendeza mimi binafsi. Punje ikiyeyuka inavunjika kuwa vipande vidogo sana vyenye umeme, na kila kipande kinayavuta maji yaliyo karibu yakikumbatie, yanabanana kuliko yalivyokuwa yamekaa mwanzo. Maji yenyewe yamesogeleana. Ni kama daladala ya Ujiji: mtu anaingia na mzigo wake, na basi halijatanuka.

Sasa kipimo nilichokuahidi. Chukua chupa tupu ya plastiki ya nusu lita, ikaushe, ipime. Ijaze maji matupu mpaka mdomoni pa mwisho, futa nje, ipime. Yamwage, ijaze maji yako ya chumvi mpaka palepale, ipime. Toa uzito wa chupa kwenye zote mbili, kisha gawa ya chumvi kwa ya maji matupu. Ukipata 1.036 ni asilimia 5. Ukipata 1.073 ni 10. 1.11 ni 15, na 1.15 ni 20. Ukigota 1.2 yameshiba. Katikati ya hizo kisia tu, hazipotezi mtu. Yai limestaafu kama mimi.

Na usisahau jambo moja: samaki naye ana maji. Zaidi ya robo tatu ya mgebuka mbichi ni maji, au karibu hapo. Unapomlaza ndoo inamtoa maji na yeye anachukua chumvi, kwa hiyo anaiibia ndoo mara mbili. Mkupuo wa pili ukiuingiza kwenye maji yaleyale, haupati kile ulichopata mkupuo wa kwanza. Pima kabla ya kila mkupuo. Ulimi usiutumie, ulimi ukishaonja mara mbili unasema "chumvi" hata kwenye asilimia 5.

---

nesi_wa_zamu

Samahani naingilia, si mtu wa samaki. Hili la kopo na punje linanigusa mahali pengine. Mtoto akiharisha na pakiti ya dawa ya maji haipo, kipimo cha nyumbani ni lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi NUSU kijiko cha chai, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, visiwe na kilele. Nimewahi kupokea mama aliyetia kijiko kizima chenye mlima, mtoto kazidi kukauka. Chumvi ikizidi inayavuta maji kutoka mwilini, kama mzee alivyosema kwa samaki. Na ikoroge yote iishe, usimwachie mtoto wa mwisho ile ya chini ya jagi. Ukiionja ukakuta ina chumvi kuliko machozi, mwaga, anza upya. Kisha mlete kituoni.

---

mama_mwaloni

Asante nesi, hiyo nimeiandika ukutani.

Mzee, nimeanza leo. Chupa tupu gramu 20. Na maji matupu 530. Maji ya chumvi ya asubuhi, makopo yaleyale 3 nimekoroga mpaka bega linauma, 579. Kwa hiyo 559 ugawe kwa 510, nimepata 1.096. Si ndiyo 13 uliyosema? Nilipiga kelele peke yangu, jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Nikalaza mkupuo wa kwanza, kilo 8 zilizopasuliwa. Wametoka saa 7 mchana, wapo kwenye chanja, na nimewageuza humo ndani mara 3 wasikae tabaka. Nikapima maji: 573. Nimetoa 20, nikagawa, 1.084, kwa kukisia asilimia 11 na nusu. Maji yaliyobaki kwenye ndoo ni kama kilo 10, nimeyapima kwa mizani ya samaki. Mwanangu wa kidato cha pili amenipigia hesabu, kurudi 13 naongeza gramu 170. Nimeongeza, nimekoroga, nimelaza mkupuo wa pili.

---

fundi_maabara_mstaafu

Hesabu ya kijana ni sahihi. Namba ya 573 ndiyo siielewi. Kilo 8 za samaki aliyepasuliwa, tangu asubuhi mpaka saa 7, zingetakiwa ziyashushe maji zaidi ya hapo. Nisimulie ulivyopima ile ya mchana, hatua kwa hatua, usiruke.

---

mama_mwaloni

Nilijaza chupa mpaka mdomoni. Nikafuta. Nikafunga kifuniko maana mtoto mdogo alikuwa mgongoni anachezesha mikono, nikaogopa atamwaga. Nikaweka kwenye mizani.

Asubuhi sikufunga kifuniko.

---

fundi_maabara_mstaafu

Pima kifuniko.

---

mama_mwaloni

Gramu 3. Basi ni 570, si 573. 550 kwa 510 ni 1.078.

---

fundi_maabara_mstaafu

Karibu asilimia 10.7. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Kurudi 13 kwa kilo 10 za maji hayo ulihitaji gramu 265 hivi. Umetia 170.

---

mama_mwaloni

Samaki bado wamo, hawajamaliza nusu saa. Napima 95 sasa hivi niwatie.

---

fundi_maabara_mstaafu

Usiwamwagie kavu juu yao. Chota jagi la maji ya ndoo hiyohiyo, yeyushia humo mpaka punje ya mwisho, rudisha, halafu wageuze.